Kutafuta Barbekiu ya Nyumbani: Kutoka Soko la Kenya Mpaka Barabara ya Kasenga



Mgeni anayefika Lubumbashi Jumamosi jioni hana haja ya kuuliza leo ni siku gani. Pua itamwambia. Tangu saa kumi za alasiri, kutoka Katuba mpaka Ruashi, kutoka Kamalondo mpaka Kampemba, moshi wa nyama unapanda juu ya kuta za malupango. Wazee wetu waliiita Jumamosi siku ya posho, jina lililotoka kwenye chakula ambacho kampuni za migodi ziliwagawia wafanyakazi wao. Posho ile imekwisha zamani, lakini Jumamosi imebaki siku ya kula vizuri, na katika mji wetu kula vizuri ni michopo: nyama ya mbuzi iliyochomwa, ikakatwakatwa, ikatiwa chumvi, kitunguu na pilipili, ikafungwa ndani ya karatasi ya kahawia ikiwa bado inalia mafuta.

Juma hili tunawapeleka kutembea ndani ya mji wetu wenyewe, kwa sababu mama mmoja jirani, mwenzetu wa chama, alikuwa anatafuta barbekiu. Binti yake amefaulu mtihani wa Serikali. Pudra imemwagwa kichwani, nyimbo zimeimbwa, majirani wamekuja kupongeza, na sasa lazima watu wale. Lakini baada ya sikukuu kuna jambo kubwa kuliko sikukuu: masomo ya chuo kikuu. Mama huyu alifikiri kwamba moto utakaochoma nyama ya sherehe uendelee kuchoma michopo na samaki mbele ya mlango wake kila Ijumaa na Jumamosi, ili feza ya masomo ipatikane. Kwa hiyo hakuwa anatafuta kitu cha kupendezesha lupango. Feza aliyokuwa nayo ilitosha kununua mara moja tu, na kama chombo kingekufa katika miezi mitatu, mpango wote ungekufa nacho.

Tulikuwa wamama watatu. Tulitoka asubuhi, kila mmoja na kitambaa chake kichwani, kwa sababu mwezi huu vumbi halina huruma.

Jina lililopita njia ya migodi

Sisi tunasema mbabula. Ukivuka mpaka Kasumbalesa ukafika Kitwe au Ndola, Wazambia wanasema mbaula. Ukiendelea kusini mpaka Johannesburg, utasikia imbawula. Ni chombo kimoja: chuma chenye matundu, makala ndani, watu wakikizunguka. Jina limeenea kwenye njia yote ya treni na ya migodi. Reli kutoka kusini ilifika hapa mwaka 1910, mwaka ule ule mji ulipoanzishwa kwa jina la Elisabethville, na tangu wakati ule watu na vitu vimepanda na kushuka kwenye njia hiyo. Hata barbekiu za dukani nyingi zinapitia Kasumbalesa, ndani ya malori yanayotoka Afrika Kusini, nchi ambako kuchoma nyama nje kunaitwa braai na ambako watu wengi huwasha moto wa nyama tarehe 24 Septemba, siku ya urithi wao.

Kwa hiyo mama wa Lubumbashi anayetafuta barbekiu yuko katikati ya dunia mbili: ya fundi wa soko na ya duka la mjini. Tulitaka kuziona zote mbili kabla ya kutoa hata franka moja.

Kwa mafundi wa Kenya

Tulianzia komini ya Kenya. Wageni wanacheka wakisikia: sisi tuna Kenya yetu, haidai paspoti, basi ndogo inatosha. Mafundi wa chuma unawasikia kabla ya kuwaona. Nyundo zinaanza mapema, na kila fundi ana mlio wake. Chini, juu ya gunia, wamepanga mabeseni, masanduku ya wanafunzi, mabomba ya maji ya mvua, na mbabula za kila ukubwa.

Kuna aina tatu ambazo mama atazikuta.

Ya kwanza ni mbabula ya manjanja, yaani bati jembamba lililotobolewa kwa msumari. Ni nyepesi, mtoto anaweza kuibeba, na bei yake ni ya chini. Fundi mwenyewe alitwambia kwa haki:

“Mama, hii ya manjanja iko bei ya chini, lakini itakufa mbio.”

Mwenzetu akamjibu: “Baba, kama inakufa mbio, mi nitarudia kwako kila mara?”

Akacheka, akasema: “Ndiyo, mama, njo vile mi nakula.”

Ya pili imetengenezwa kwa janti ya gari. Hiyo ni nzito, haichoki, na inakaa chini kama mzee kwenye kiti chake. Kwa bukari hakuna bora. Kila mama anajua kwamba bukari inapoanza kushika, unasukuma mwiko kwa nguvu za mabega yote mawili, na sufuria ikiteleza, maji ya moto yanakwenda miguuni pako au juu ya mtoto aliyekaa karibu. Janti haitelezi. Lakini kwa kuchomea nyama ya watu wengi ni nyembamba: kuku wawili tu na nafasi imekwisha.

Ya tatu ni nusu ya pipa lililopasuliwa kwa urefu, likawekewa miguu na wavu wa chuma juu. Hii ndiyo tunayoiona kwa wauza michopo. Ina nafasi, chuma chake kina unene, na unaweza kuweka makala upande mmoja na kuacha upande mwingine bila moto.

Hapa tulisimama muda mrefu, kwa sababu swali la pipa ni swali la afya. Katika mji wa migodi mapipa hayakosi, lakini si mapipa yote yalibeba mafuta ya kula. Mengine yalileta dawa zinazotumika kutenganisha madini, mengine mafuta ya mashine, mengine rangi. Fundi anaweza kulichoma na kuliosha, lakini wewe huwezi kujua kwa macho kilichokuwa ndani. Basi uliza kabla ya pipa kupasuliwa. Tazama maandishi yaliyobaki juu yake. Ukiona alama ya kichwa cha mfu au ya kitu kinachokula mkono, acha, hata kama bei ni nzuri. Chukua lililobeba mafuta ya kupikia, au omba karatasi ya chuma mpya isiyo na historia.

Jambo la pili ni chuma kinachong’aa kwa rangi ya fedha, kile kilichopakwa zinki kisishike kutu. Zinki ikipata moto mkali wa makala hutoa moshi mweupe unaoweza kumletea mtu homa, kifua kubana na kichwa kuuma. Wavu wa kuwekea nyama usiwe wa chuma cha namna hiyo, wala usikatwe kwenye uzio wa waya. Bora nondo nyembamba za chuma cheusi zilizounganishwa kwa kulehemu.

Dukani mjini

Kutoka Kenya tulikwenda katikati ya mji, penye maduka makubwa yenye milango ya kioo. Barbekiu zilikuwa zimesimama mbele, nyeusi, zenye magurudumu na mfuniko wa mviringo. Tusiseme uongo: ni nzuri kutazama. Na mfuniko si pambo tu. Ukiufunika, joto linazunguka, kuku mzima anaiva mpaka mfupa bila kuungua ngozi, na upepo hauchezi na moto wako. Ukifunga matundu ya juu na ya chini, makala yanazimika na yanabaki kwa siku nyingine.

Lakini tuligonga kwa kidole. Nyingine ilitoa sauti ya mkebe wa maziwa. Bati lililopakwa rangi, miguu ya skrubu ndogo, gurudumu la plastiki. Kwa familia inayochoma mara moja kwa mwezi, inatosha. Kwa mama atakayewasha moto siku mbili kila juma mpaka saa tatu za usiku, tuliona haitafika Krismasi. Tena skrubu moja ikipotea, utaitoa wapi? Chombo cha fundi wa Kenya kikivunjika, unakirudisha kwa aliyekizaa.

Kulikuwa pia na za gesi. Zinawaka mara moja, hazitoi moshi, na unapunguza moto kwa kidole. Mama mwenye uwezo wa kununua chupa na kuijaza kila inapokwisha asiogope gesi, lakini aiheshimu: chupa isimame wima nje ya nyumba, mpira usiwe na ufa, na kila unapofunga chupa mpya upake maji ya sabuni kwenye maungio. Povu likivimba, gesi inatoka, funga, usiwashe. Mwenzetu aliiacha kwa hesabu moja tu: gesi inalipwa yote mara moja, na yeye anauza kidogo kidogo. Makala unaweza kuyanunua kwa sufuria leo, na kesho tena.

Tulipotoka dukani, mmoja wetu alitazama nguzo za umeme akatikisa kichwa. Tangu mwaka 1982 kuna njia ya umeme inayotoka Inga, karibu na bahari, mpaka Kolwezi, kilomita karibu 1.700, kwa ajili ya migodi ya kwetu. Umeme unapita juu ya vijiji na vichwa vingi, lakini chakula cha nyumba nyingi za Katanga bado kinaivia juu ya makala. Ndiyo maana kuchagua mbabula si jambo dogo kwetu.

Kwenye barabara ya Kasenga

Jioni ile hatukununua kitu. Siku ya pili tulipanda basi ndogo mpaka mwisho wa Ruashi na zaidi, kwenye barabara ya Kasenga, ile inayokwenda mpaka mto Luapula na kutuletea samaki. Tulitaka kuona makala kabla hayajaingia sokoni.

Ukisimama pale asubuhi utaona wanaume wa kinga. Kila baiskeli imebeba magunia mawili au matatu, yamefungwa kwa kamba na kuongezewa majani juu, na mwenye baiskeli hapandi, anasukuma. Wametoka usiku. Wengine wametoka mbali kwa sababu karibu hakuna tena miti. Wazee wa pale watakwambia kwamba zamani pori la miombo lilianza mahali ambapo leo kuna nyumba na mashamba.

Tumbe la udongo la kuchomea makala linakula sana. Ili kupata kilo 1 ya makala, zinaweza kwenda kilo 5 mpaka 10 za miti, kadiri ya ufundi wa mchomaji na ukavu wa miti yenyewe. Na miti inayopendwa kwa makala mazito, mutondo na muputu na jamaa zao, ndiyo ile ile inayotupatia viwavi vya kula, asali ya porini, na bowa tunaowanunua kando ya barabara mvua zinapoanza. Kila gunia linalowaka bure linaondoa kitu kwenye sahani ya watoto wetu wa kesho. Hatusemi hivi kuwalaumu wale wanaosukuma baiskeli. Nao wana watoto. Tunasema kwamba mbabula inayokula makala ovyo inakula feza ya nyumba na pori la nchi kwa mdomo mmoja.

Muuza makala mmoja, mama mtu mzima, alitufundisha kuchagua. Chukua vipande viwili uvigonganishe. Vikilia kama chupa, ni makala mazito: yanachelewa kushika, lakini yanadumu na hayarushi cheche. Vikitoa sauti ya kifo kama ubao uliooza, ni mepesi au yana maji: yatawaka mbio na kwisha mbio. Kwa kuchomea nyama tafuta mazito, vipande vya ukubwa wa ngumi. Na ukinunua gunia, ingiza mkono mpaka katikati, maana vumbi hukaa ndani na vipande vizuri hukaa juu.

Tulichoagiza

Tulirudi kwa fundi wa Kenya, na mwenzetu akaagiza kitu chake mwenyewe. Hakununua kilichopangwa kwenye gunia. Alieleza kwa mikono, fundi akachora kwa chaki chini. Tunawaandikia vipimo, kwa kuwa vinaweza kumsaidia mama mwingine:

Sanduku la chuma kipya cheusi kisicho na zinki, chenye unene wa milimita 3, urefu wa sentimita 80 na upana wa sentimita 40. Miguu minne iliyolehemiwa, ya kufika kiunoni, ili mgongo usiume na mtoto mdogo asiweze kugusa moto kwa urahisi. Matundu ya hewa upande wa chini, yenye kibati cha kusukuma, ili moto upunguzwe au uamshwe bila kupepea. Wavu wa ndani wa kushikilia makala, majivu yadondoke chini. Wavu wa juu wenye ngazi mbili: ya chini kwa nyama inayotaka moto mkali, ya juu kwa kuku na samaki thomson wanaotaka subira. Na mfuniko wa kawaida, wenye mshiko wa mti.

Bei ilizidi mbabula tano za manjanja, lakini ilikuwa chini ya ile ya dukani yenye magurudumu. Alilipa nusu, nusu nyingine akaiacha mpaka siku ya kuchukua, na alimwomba fundi amwite kabla ya kupaka rangi, ili aone viungo vya kulehemu kwa macho. Rangi ipakwe nje tu. Ndani hapana, kwa sababu rangi ya ndani utaila wewe na wateja wako.

Mbabula yake ya janti hakuiuza. Bukari na sombe vitaendelea pale pale. Sombe inataka saa nyingi za moto mdogo, na kuipika kwenye barbekiu pana ni kuchoma feza.

Kuiweka ndani ya lupango

Kabla ya nyama ya kwanza, jaza makala, washa, uache iwake saa moja nzima bila chakula, ili mafuta ya kiwandani na uchafu wa kulehemu viungue. Simama upande unakotoka upepo. Ikipoa, futa, paka wavu mafuta ya kula.

Usiiweke chini ya mwembe. Mwezi huu majani yamekauka, na upepo wa kiangazi unaotoka kusini-mashariki unaweza kubeba cheche moja mpaka kwenye ukuta wa nyasi wa jirani. Acha hatua kama tano kutoka nyumba, na ndoo ya mchanga iwe karibu. Chora mstari wa mawe kuizunguka na uwafundishe watoto: ndani ya mstari ni mkubwa peke yake. Mwenzetu tayari ameufundisha mstari huo kwa wajukuu, na wanaulinda kuliko yeye mwenyewe.

Kuwasha, tumia nyasi kavu au magunzi ya mahindi. Usitumie mifuko ya plastiki, kwa maana moshi wake unaingia ndani ya nyama na ndani ya kifua chako. Petroli, kamwe. Ngoja mpaka makala yavae majivu meupe, kisha weka kiganja juu ya wavu na uhesabu. Ukivumilia mpaka tatu tu, moto ni wa nyama ya vipande. Ukifika sita, ni wa kuku. Na kuku atoke pale tu maji yake yanapokuwa meupe bila damu kwenye mfupa.

Ukimaliza, usimwage maji: chuma kitapinda na mvuke utakuchoma. Chukua makala yaliyobaki kwa koleo, yatie ndani ya mkebe wenye mfuniko. Yatazimika na kesho yatafaa. Majivu yakae mpaka asubuhi kabla ya kumwagwa, kwa sababu majivu ya jioni huficha moto, na miguu ya watoto haina viatu.

Sasa lile ambalo tunaomba kila mama alisome kwa sauti nyumbani. Mwezi wa sita na wa saba, usiku wa Lubumbashi unashuka chini ya nyuzi 10. Baridi inaingia mpaka kwenye mifupa, na mtu anaona mbabula nje, bado nyekundu, haina moshi tena, anafikiri: niiingize ndani, watoto wapate joto. Usiingize. Makala mekundu yasiyo na moshi yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Inaanza kwa kichwa kuuma, kizunguzungu na kutapika, kisha usingizi, na ndani ya chumba kilichofungwa usingizi huo haumwamshi mtu. Ukimkuta mtu hivyo, mtoe nje mara moja kwenye hewa safi na umpeleke hospitali, hata kama anasema amepona. Kwa baridi kuna blanketi, kuna maji ya moto ndani ya chupa iliyofungwa kwa kitambaa, kuna kulala pamoja. Moto ubaki nje.

Barbekiu ya mwenzetu itachukuliwa Ijumaa kwa mkokoteni. Jumamosi binti atasherehekewa, na juma linalofuata mama ataanza kuuza mbele ya mlango wake. Amekata shauri kwamba mkebe wa feza ya masomo utakuwa tofauti na mkebe wa feza ya makala, na kila usiku atahesabu yote mawili mbele ya binti, ili mtoto ajue elimu yake inatoka katika moto gani. Mama mwingine mwenye kutafuta chombo kama hiki aje kwenye kikao chetu cha juma lijalo. Vipimo vitakuwa vimechorwa kwenye karatasi, na njia ya kufika kwa fundi tutamwonyesha.